Sifa za Marehemu Kajiru

Mtu mmoja alikuwa na mke, shamba la migomba na ng'ombe wa maziwa, na kati yao hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi. Mtu huyo aliitwa Kajiru. Mkewe aliitwa Nakunda. Mji wao ulikuwa juu milimani, jina lake Ngulumbi.

Ngulumbi ilijulikana nchi nzima kwa sikukuu yake ya wafu. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, kila nyumba ilitoa nje vigoda vya marehemu wake na kuvipanga katika uwanja wa mnada. Kila marehemu alikuwa na kigoda chake. Mbele ya kigoda iliwekwa sahani ya chakula alichokipenda, na nyuma yake alisimama ndugu mmoja akasimulia mema aliyoyatenda. Sheria zilikuwa mbili. Sahani ya marehemu haiguswi na mtu aliye hai. Na siku hiyo hakuna ruhusa ya kumsema vibaya marehemu. Atakayethubutu hutozwa mbuzi, na mbuzi huyo huliwa na kamati. Kwa hiyo kamati ilikuwa na masikio makali sana.

Kajiru hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mtu, wala hakuiba. Alikuwa amekaa tu. Nakunda alipomwomba amsaidie kuleta maji kutoka kisimani alijibu, "Nakuja," na neno hilo kwake lilikuwa safari ndefu isiyofika. Aliazima jembe la jirani yake Shekania, akarudisha mpini. Mezani alianza na nyama, akamaliza nyama, kisha akauliza kwa nini ndizi hazina kitoweo.

Siku moja alisikia kwamba huko migodini mtu anaweza kutajirika kwa jiwe moja. Habari ya jiwe moja ilimpendeza, kwa kuwa hakuna aliyemweleza habari ya shimo. Akaaga, akaenda. Alituma salamu mara moja, kisha akanyamaza. Baadaye ikaja habari kwamba shimo lake limeporomoka na wote waliokuwa zamu wamefukiwa. Habari hiyo ilikuwa kweli kuhusu shimo. Haikuwa kweli kuhusu Kajiru, maana asubuhi ile alichelewa kuamka. Alipopata habari kwamba amehesabiwa pamoja na waliokufa, alisema, "Kesho nitawapelekea taarifa nyumbani." Kesho ile ikachukua miaka mingi.

Huku nyumbani walikaa matanga, wakachonga kigoda, na sikukuu ikafika. Nakunda akasimama nyuma ya kigoda cha mumewe. Watu wakangoja. Akatafuta neno jema la kusema, akatafuta kama mtu atafutaye chumvi katika chungu kilichokwisha kuoshwa. Hakupata. Sahani ilikuwa inapoa. Mwishowe akasema:

"Aliniletea maji."

Hakuwa ameyaleta hata siku moja. Lakini Nakunda aliposikia maneno yale yakitoka kinywani mwake aliyaona matamu, akalia. Na wanawake wote walioteka maji wenyewe asubuhi ile wakalia pamoja naye.

Mwaka wa pili akasema, "Aliniletea maji kila asubuhi, kabla sijaamka." Mwaka uliofuata akasema kwamba mumewe aliitengeneza njia ya kisimani kwa mikono yake ili vikongwe wasiteleze. Watu wakaitazama njia ile, wakaiona ina mashimo, wakaona haya kwamba wameiacha kazi ya marehemu iharibike. Wakaitengeneza. Wakaweka mawe penye mteremko, wakaiita Njia ya Kajiru. Mwaka mwingine Nakunda akasema kwamba Kajiru hakumwacha mgeni apite mlangoni na njaa. Tangu hapo mgeni akipita Ngulumbi aliitwa ndani akapewa ndizi na maziwa, na alipouliza sababu aliambiwa, "Ndivyo alivyofanya marehemu Kajiru."

Sifa zikakua kama boga lililopata mbolea. Mume na mke wakigombana, mke alisema, "Marehemu Kajiru asingenijibu hivyo." Wanaume wa Ngulumbi wakaanza kubeba ndoo, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kukosa la kujibu. Shekania alibeba ndoo kwa hasira. Yeye aliukumbuka mpini. Lakini angesema nini? Kila alipofungua kinywa, mkewe alimwambia, "Unamwonea wivu maiti?"

Basi watu wakawa wanapanda mlima kutoka mbali ili kusikia habari za Kajiru. Vigoda vilikuwa vingi, lakini hicho ndicho kilichozungukwa.

Na Kajiru mwenyewe je? Nguvu zilimwishia migodini. Jiwe lile moja hakuliona. Kifua kilianza kupiga filimbi kila alipopumua, na watu aliokula nao wakampungukia. Akakumbuka kwamba ana kwao. Akaomba kupanda lori la saruji lililokuwa likipanda mlimani, akashuka Ngulumbi mchana, ana njaa, ndevu zimemjaa, mwili mzima ni vumbi jeupe. Sikukuu alikuwa ameisahau. Aliona watu wengi uwanjani, akasikia harufu ya nyama, miguu yake ikaenda yenyewe.

Akasimama nyuma ya kundi kubwa. Mbele alisikia sauti ya mwanamke ikisema, "Alipokuwa akila, alinisogezea mimi nyama, yeye akala ndizi." Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya Nakunda. Akamgeukia mtu aliyesimama karibu naye, na mtu huyo alikuwa Shekania, lakini kwa ndevu zile na vumbi lile Shekania hakumtambua.

"Ndugu yangu, huyo marehemu anayesifiwa ni nani?"

"Kajiru," akajibu Shekania bila kugeuka. "Mume wa mama yule."

Kajiru alihisi kitu kimemchoma moyoni. Kumbe mkewe aliolewa tena! Na huyo mume wa pili naye, kana kwamba ni dhihaka, aliitwa Kajiru!

"Alikuwa mtu wa namna gani?" akauliza kwa shida.

Shekania akatazama kushoto na kulia kuona kama kamati iko karibu. "Mwema," akasema, meno yamebana. "Mwema kupita kiasi. Mke wangu hunieleza kila siku."

Kajiru akaendelea kusikiliza. Akasikia habari za maji, na njia, na wageni, na jinsi huyo mume wa pili alivyokuwa akimkanda Nakunda miguu wakati wa palizi. Akamwonea wivu mtu huyo kwa wivu mkali. Akajilinganisha naye, akajiona hafai hata kumshikia kofia. Machozi yakamtoka. Watu waliposikia kwikwi zake wakasema, "Mpisheni, huyu ameguswa," wakamsukuma polepole mpaka mbele.

Mbele palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda palikuwa na picha, na katika picha mlikuwa na uso wa Kajiru, ujana wake, na kofia ile aliyovaa siku alipoondoka. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akaitazama sahani. Zilikuwa ndizi kwa nyama ya ng'ombe, zimepikwa kwa maziwa ya mgando, kama alivyozipenda yeye, na mwingine yeyote alizikataa. Ikamwingia akilini kwamba marehemu ni yeye. Na ikiwa marehemu ni yeye, sahani ni yake. Akaiondoa picha kwa adabu, akaketi kwenye kigoda, akala.

Uwanja mzima ukapiga kelele. Wageni walidhani ni sehemu ya sherehe, wakapiga makofi. Mzee Semboja, mwenyekiti wa kamati, akaja mbio, mkono mmoja umeshika kanzu isimkwaze.

"Wewe mgeni! Unakula chakula cha marehemu!"

"Marehemu ni mimi," akasema Kajiru, mdomo umejaa.

Mzee Semboja alikuwa mtu wa haki. Hakutaka kumfukuza mtu kabla ya kumsikiliza. Akanyamazisha watu, akaanza kumhoji pale pale.

"Ikiwa wewe ni Kajiru, njia ya kisimani aliitengeneza nani?"

"Sijui. Nilipoondoka ilikuwa mashimo matupu."

Watu wakaguna.

"Ulikuwa ukiamka lini kumletea mkeo maji?"

"Mimi?" akasema Kajiru. "Maji?"

Watu wakacheka. Mzee Semboja akauliza habari za wageni, akauliza habari za kukanda miguu, na kila swali Kajiru aliinua mabega. Mzee akawageukia watu. "Mmesikia wenyewe. Mtu huyu hajui hata jambo moja katika maisha ya Kajiru."

Hapo Shekania akajipenyeza mpaka mbele. Alikuwa amemwona mtu yule akichagua nyama na kuziacha ndizi. Akainama, akamtazama machoni, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyetolewa kifungoni.

"Ni yeye! Mzee, ni yeye kabisa! Aliazima jembe langu akarudisha mpini!"

Mzee Semboja akainua kidole. "Shekania, unamsema vibaya marehemu."

"Marehemu gani? Huyu hapa anatafuna!"

"Ikiwa huyu ni Kajiru, umemsema vibaya Kajiru mbele ya kigoda chake. Ikiwa si Kajiru, jembe lako linatuhusu nini?"

Shekania akafikiri. Akaona pande zote mbili kuna mbuzi. Akafunga kinywa, lakini alikuwa amechelewa. Wajumbe wawili wa kamati walikwisha kuelekea bandani kwake, tena kwa mwendo wa haraka.

Nakunda alikuwa bado amesimama nyuma ya kigoda. Yeye alimtambua mumewe kabla ya Shekania, kabla ya wote, na hakusema neno. Moyo wake uliruka kwa furaha kwamba yu hai. Kisha moyo ukakumbuka kwamba ni yeye. Akisema "ndiye," watu watauliza sifa zile zote zilitoka wapi. Watauliza kwa nini walibeba mawe. Wanaume watatua ndoo siku hiyo hiyo, na mgeni atapita na njaa yake. Akisema "siye," mtu huyu mwenye kifua kibovu atateremshwa mlimani kwa fimbo, na yeye Nakunda atakuwa amemzika mtu mzima kwa kinywa chake.

Kajiru akageuza shingo, akamwona. Aliona mvi ambazo hazikuwapo alipoondoka. Aliona viganja vilivyopasuka kwa kamba na jembe. Akaacha kutafuna. Akasema kwa sauti ndogo, lakini watu wa mbele walisikia:

"Nakunda, yote uliyoyasema nimeyasikia. Sikufanya hata moja."

Wazee wanasema hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza zito kutoka kwa Kajiru tangu azaliwe.

"Mama," akasema Mzee Semboja, "tuambie wewe. Huyu ni mumeo?"

Nakunda akageuka. Alikwenda mpaka kwa wanawake waliokuwa wakipika, akachukua ndoo tupu, akarudi, akaiweka miguuni pa mtu yule.

"Mume wangu nyote mnamjua, nimewasimulia miaka mingi," akasema. "Huyu bado simjui. Aende kisimani. Akirudi na maji nitamtazama vizuri."

Kajiru akaitazama ndoo. Akawatazama watu. Watu wote walikuwa wakimtazama, hata wageni. Akainuka, akaichukua. Akateremka, na mji mzima ukamfuata nyuma kama arusi. Njiani aliona mawe yaliyopangwa vizuri penye mteremko, akauliza, "Kazi nzuri hii ni ya nani?"

"Yako," wakamjibu, "ikiwa wewe ni wewe."

Akateka. Akapanda. Kifua kilipiga filimbi, maji yakamwagikia suruali yote, alipumzika kwenye kila jiwe, na kwenye mawe yale aliona haya kuliko pengine pote. Shekania, ambaye mbuzi wake alikwisha kuondoka, alitembea karibu naye njia nzima kwa furaha kubwa, akimhimiza: "Panda, marehemu! Panda, mfano wetu!" Alipofika uwanjani ndoo ilikuwa nusu.

Nakunda akachungulia ndoo. Kisha akamchungulia usoni, kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia.

"Anafanana naye kidogo," akasema. "Aje nyumbani."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini kamati haikucheka. Kamati ilikuwa na tatizo. Sheria ya Ngulumbi ilijua namna ya kumwingiza mtu katika wafu. Haikujua namna ya kumtoa. Wakashauriana mbuzi wa Shekania akiwa jikoni, na alipoiva walikuwa wamekata shauri: Kajiru atahesabiwa hai siku zote za mwaka, isipokuwa siku ya sikukuu. Siku hiyo atakuwa marehemu kama alivyozoeleka. Ataketi kwenye kigoda chake bila kusema neno, na watu watasimulia mema yake mbele ya uso wake.

Kesho yake asubuhi ndoo ilikuwa mlangoni. Kajiru akaenda. Siku iliyofuata ilikuwa mlangoni tena. Aliporudi na maji mengi Nakunda alisema, "Leo unafanana naye zaidi." Aliporudi na machache alisema, "Macho yangu leo hayaoni vizuri." Na siku aliyolala mpaka jua likawa kali, Nakunda hakumgombeza. Alichukua ndoo mwenyewe, na jirani walipomwuliza habari za mumewe alisema, "Bado hajafika."

Ilikuwa kazi ngumu, ndugu zangu, msidhani ilikuwa mchezo. Mtu aliyekaa ujana wake wote hasimami kwa siku moja. Ilifika siku Kajiru akaitupa ndoo ikabingirika mpaka kwenye zizi, akapiga kelele:

"Siwezi kushindana na maiti! Yeye hachoki! Hana kifua! Hakosei! Kila mwaka anazidi kuwa mwema, na mimi nazidi kuzeeka!"

Nakunda alikuwa akimenya ndizi. Aliweka kisu chini. Kajiru alingoja maneno makali, lakini mkewe alisema kwa upole:

"Baba, yule hajaniletea hata tone moja. Wewe jana umeleta ndoo."

Kajiru akasimama pale mlangoni. Siku zote tangu arudi alidhani mkewe anampenda yule mwingine. Akaenda mpaka kwenye zizi, akamsogeza ng'ombe, akaitafuta ndoo.

Sikukuu ikaja. Kajiru akaoga, akanyoa, akaketi kwenye kigoda akawa marehemu. Watu wakaja kumsifu kama desturi. Lakini jambo likawashinda. Mtu alifungua kinywa kusema habari kubwa za kale, akakutana na macho ya Kajiru yakimtazama kwa hofu, akashindwa. Si rahisi kumsingizia mtu wema akiwa anakutazama. Basi wakaanza kusema madogo waliyoyaona. Mmoja akasema, "Alinisaidia kumtoa ndama shimoni, ijapokuwa alichelewa." Mwingine akasema, "Aliniomba radhi kwa jambo ambalo mimi nilikwisha kulisahau." Hata Shekania akaja. Akasimama sana, akatafuta, akakuna kichwa, na mwishowe akasema, "Siku hizi ukimwita, anakuja." Kajiru, ambaye hakuruhusiwa kusema neno, aliinamisha kichwa akalia kwenye sahani yake.

Na wake waliokuwa uwanjani wakaanza kuwatazama waume zao, na waume wakawatazama wake zao, kila mmoja akiwaza angesifiwa kwa lipi kama kigoda kingewekwa leo. Inasemekana baadhi yao waliondoka mapema kwenda kutafuta la kufanya.

Sasa nawauliza ninyi mnaonisikiliza, mlio hai na wazima: kwa nini mngoje kufa ndipo muwe watu wema?